Kilemba cha ukoka hewani: kwa nini K-Chat ya Vice City haichoshi

Swali la msomaji: "Mwalimu, ninatengeneza mchezo mdogo wa video wa kuendesha magari, na ningependa ndani yake kuwe na kituo cha redio kinachowahoji watu maarufu kwa kejeli, kama kile cha K-Chat katika Grand Theft Auto: Vice City. Nimekwisha kuandika mahojiano matatu, lakini rafiki zangu waliosikiliza walicheka mara ya kwanza tu. Mara ya pili walibadilisha kituo. Je, wageni wa K-Chat walikuwa watu halisi waliobadilishwa majina? Na kwa nini mazungumzo yao hayachoshi hata ukiyasikia mara ya kumi? Nimeambatisha mahojiano yangu ya kwanza, ya mwimbaji; mengine mawili ni ya mchezaji mpira na ya mpishi wa televisheni."

Ndugu yangu, maswali yako yanaonekana mawili, lakini jibu lake ni moja, nami nitalitaja mapema ili yote yatakayofuata yawe na pa kuegemea. Kejeli ya K-Chat haimlengi hasa mgeni anayehojiwa; inamlenga anayehoji. Mgeni ni mtu wa vituko, na vituko vyake vinachekesha kweli, lakini kinachoyapa uhai maneno yale yote ni mwanamke aliyekaa mbele yake na kipaza sauti, ambaye anaambiwa mambo ya ajabu, mara nyingine mambo ya kutisha, naye hayasikii kwa sababu macho na masikio yake yamejaa umaarufu wa huyo anayezungumza naye. Rafiki zako walicheka mara moja kwa sababu wewe, kwa jinsi nilivyoisoma kazi uliyoambatisha, umemlenga mgeni peke yake, na kichekesho cha mgeni kikishajulikana hakina tena cha kutoa.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwahi kuucheza mchezo huo, niseme kwa ufupi unachozungumzia. Vice City ilitoka Oktoba 2002 kwa ajili ya PlayStation 2, ikiwa kazi ya Rockstar North, studio ya Edinburgh huko Uskoti, chini ya Rockstar Games ya New York. Jiji lake la kubuni linaiga Miami, na mwaka wa hadithi ni 1986. Mchezaji akiingia garini redio inawaka, na vingi kati ya vituo vyake ni vya muziki halisi wa miaka hiyo, ilhali viwili ni vya mazungumzo. Kimoja ni VCPR, redio ya umma, ambako Maurice Chavez anaendesha mjadala uitwao Pressing Issues, mjadala ambao kila mara unamponyoka mikononi. Kingine ni K-Chat, ambako Amy Sheckenhausen, kwa sauti ya mwigizaji Leyna Weber, huzungumza na watu maarufu au wanaojiona maarufu. Maneno ya redio hizo yaliandikwa na Dan Houser, mmoja wa waanzilishi wa Rockstar Games, akishirikiana na Lazlow Jones, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtangazaji halisi wa redio nchini Marekani. Jambo hili la mwisho nakuomba ulizingatie. Anayejua jinsi studio ilivyo, jinsi mtangazaji anavyochungulia saa wakati mgeni anamwaga moyo wake, na jinsi kicheko cha hewani kinavyoanza kabla ya utani kumalizika, ndiye anayeweza kuidhihaki redio bila kuikosea sura.

Sasa keti nami garini kidogo. Umeiba gari kando ya ufukwe, taa za hoteli zinapita upande mmoja na bahari upande mwingine, na redio inawaka, ukikuta maneno yamekwisha kuanza. Hujui mgeni ni nani. Unamsikia Amy kwanza, sauti nyepesi yenye furaha ambayo haishuki hata mara moja, inayompokea kila mtu kana kwamba ndiye aliyekuwa akisubiriwa tangu asubuhi. Kisha unamsikia mgeni akisema jambo ambalo lingemfanya mtu yeyote mwenye akili timamu asite. Halafu unasubiri ule msito, nao hauji. Amy anasifu, anacheka, anauliza la pili. Kiswahili kina msemo unaomtosha huyu mama kabisa: anamvika kila mgeni kilemba cha ukoka. Tofauti ni kwamba yeye mwenyewe anaamini kilemba hicho ni cha hariri, na hapo ndipo waandishi walipofanya kazi ya kweli. Mtangazaji anayesifu huku anajua anadanganya ni laghai, na laghai tumemzoea. Mtangazaji anayesifu kwa moyo mweupe asichokielewa anatutia wasiwasi, kwa sababu tunajikuta tunayasikia yale ambayo yeye hayasikii, na tunabaki sisi peke yetu tukiwa wasikilizaji halisi wa mahojiano hayo.

Sasa niwageukie wageni, maana ndio uliowauliza kwanza. Hapana, hawakuwa watu halisi waliobadilishwa majina, ingawa kila mmoja amekatwa kutoka kitambaa ambacho watu wa miaka ile walikivaa. Yumo Jezz Torrent, mwimbaji wa Love Fist, bendi ya roki ya Waskoti, kwa sauti ya Kevin McKidd, yumo BJ Smith, mchezaji mstaafu wa mpira wa miguu wa Kimarekani, yumo Thor, mtu anayejiona Mviking katikati ya jiji la joto, yumo Gethsemanee Starhawk Moonmaker, mwanamke wa imani mpya za nyota na mizimu, yumo Mr. Zoo wa wanyama; yumo Claude Maginot, mwigizaji anayejichukulia kwa uzito mkubwa mno. Ukiyatazama majina hayo pamoja, unaona kwamba waandishi hawakuandika watu, waliandika kazi za umaarufu: mwanamuziki, mwanamichezo, mwigizaji, mganga wa roho, mtu wa wanyama. Kila msikilizaji ana wake anayemfikiria, na ndiyo sababu kijana aliyezaliwa baada ya 2002, asiyemjua hata mmoja wa mashuhuri wa Marekani wa 1986, bado anacheka. Dhihaka iliyomlenga mtu mmoja huzeeka pamoja na mtu huyo, lakini dhihaka ya mwigizaji anayejipenda itadumu maadamu waigizaji wapo.

Namna walivyowafunga wageni hao kwenye jiji pia inafaa kuigwa. Jezz Torrent humsikii redioni tu. Wimbo wa bendi yake unaweza kuusikia kwenye kituo cha roki, na baadaye katika hadithi unakutana naye ana kwa ana na kumfanyia kazi. BJ Smith naye unamkuta kwenye duka la magari liitwalo Sunshine Autos. Kwa hiyo K-Chat haikai pembeni kama kipande cha vichekesho kilichobandikwa. Inakuwa dirisha la jiji lenyewe, na mchezaji anapokutana na mtu ambaye alimsikia redioni jana, anahisi kwamba jiji liliendelea kuishi wakati yeye hayupo. Hili nalipenda kuliko karibu kila kitu kingine katika mchezo ule.

Nisimame hapa kidogo kwa BJ Smith, maana ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Sauti yake ni ya Lawrence Taylor, mlinzi wa New York Giants, mmoja wa wachezaji wakubwa zaidi katika historia ya mchezo wake. Mwaka 1986, ule ule ambao hadithi ya Vice City inatokea, Taylor halisi hakuwa mstaafu hata kidogo. Ndio msimu aliotangazwa mchezaji bora wa ligi ya NFL, na timu yake ikatwaa ubingwa Januari 1987. Waandishi walimchukua mtu aliyekuwa kileleni mwaka ule na kumpa, ndani ya mwaka ule ule wa kubuni, nafasi ya mwenzake ambaye siku zake zimepita na ambaye sasa jina lake ni bidhaa ya kuuzwa. Vivyo hivyo Philip Michael Thomas, aliyepata umaarufu kwa kuigiza polisi katika tamthilia ya Miami Vice iliyoanza 1984, anamwigiza Lance Vance, mmoja wa wahusika wa hadithi ya Vice City. Na wamo waigizaji Burt Reynolds, Dennis Hopper na Lee Majors, na mwimbaji Debbie Harry. Mchezo unaodhihaki umaarufu umejengwa kwa sauti za watu maarufu waliokubali kuingia ndani ya dhihaka hiyo. Mtu maarufu anayekubali kuigiza mtu maarufu aliyechoka anaijua kazi hiyo kwa ndani, na anapotamka maneno ya majivuno hana haja ya kuyatia chumvi, jambo linalosikika wazi katika namna Taylor anavyozungumza bila haraka.

Upo pia upande wa sheria, nao sitaupita kimya kwa sababu unakusudia kuutoa mchezo wako hadharani. Mwaka 2014 mwigizaji Lindsay Lohan alifungua kesi huko New York dhidi ya Take-Two, kampuni inayoimiliki Rockstar, akidai kwamba Lacey Jonas wa Grand Theft Auto V, mwigizaji kijana anayewakimbia wapigapicha, pamoja na picha fulani za kuutangaza mchezo huo, vilichukua sura yake bila ridhaa. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ya New York, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jimbo hilo, ililikataa dai hilo. Majaji hawakusema kwamba mchezo wa video uko huru kufanya upendavyo. Walikubali kwamba hata mtu wa kuchorwa kwa kompyuta anaweza kuhesabika kuwa picha ya mtu halisi. Walichosema ni kwamba yule wa kwenye mchezo hakuwa yeye, bali mfano wa jumla wa kijana wa kike wa kisasa wa ufukweni. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya mhubiri Jerry Falwell dhidi ya jarida la Hustler ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mtu mashuhuri hawezi kudai fidia ya kuumizwa moyo kutokana na dhihaka ambayo hakuna mtu mwenye busara angeichukua kuwa habari ya kweli. Hizo ni sheria za Marekani na kila nchi ina zake, hivyo pata ushauri wa mwanasheria wa nchi utakayouzia. Hata hivyo nakuomba utambue kwamba njia iliyo salama kisheria na njia iliyo bora kisanaa hapa ni moja: andika kazi ya umaarufu, usimwandike mtu halisi.

Turudi kwa anayehoji, kwa sababu hapo ndipo mzigo ulipo. Amy hakutoka hewani tupu. Miaka ya kuelekea 1986 ndiyo miaka ambayo Marekani iligeuza maisha ya watu maarufu kuwa habari ya kila siku. Jarida la People lilianza 1974. Mwaka 1981 ulileta kipindi cha televisheni cha Entertainment Tonight, kilichotangaza habari za waigizaji kwa mtindo ule ule wa taarifa ya habari, na mwaka huo huo, Agosti, MTV ikawaweka wanamuziki mbele ya macho saa ishirini na nne. Mwaka 1982 kanda ya mazoezi ya Jane Fonda ilionyesha kwamba mwigizaji anaweza kuuza jasho lake vizuri kama anavyouza filamu. Mwaka 1984 kikaja kipindi kilichotembelea nyumba za matajiri na kuhesabu mabeseni yao ya dhahabu, na Septemba 1986 kipindi cha Oprah Winfrey kikaanza kuonyeshwa nchi nzima. Msikilizaji wa K-Chat anayejua historia hiyo anatambua kwamba Amy ni mtoto wa muongo huo: hana kosa la kipekee, amefundishwa tu kwamba mtu akiwa maarufu, swali la kwanza ni jinsi alivyo mzuri na swali la pili ni anauza nini.

Isitoshe, Miami yenyewe ni jiji lenye historia ya mahojiano ya redio. Larry King, ambaye baadaye aliwahoji marais na wacheza filamu kwenye CNN tangu 1985, alianza utangazaji wake Miami mwaka 1957. King alikuwa akisema waziwazi kwamba hapendi kujitayarisha sana kabla ya mahojiano, kwamba hakisomi kitabu cha mgeni, ili aulize kama mtu wa kawaida angeuliza. Sisemi kwamba Amy amechorwa kutoka kwake. Hilo silioni katika maneno ya K-Chat. Ninasema kwamba kutojitayarisha kuna sura mbili. King alikuwa hajui, akasikiliza ili ajue. Amy hajui, na hasikilizi. Ukitaka kumwandika mtangazaji wa kuchekesha, huna haja ya kumpa ujinga mwingi. Mwondolee usikivu tu, umwachie upendo, adabu na uchangamfu wake wote.

Sasa suala la kurudiwa, ambalo ndilo lililokuumiza. Katika Grand Theft Auto III ya 2001 na katika Vice City, kila kituo cha redio kilikuwa rekodi moja ndefu inayozunguka, na mzunguko huo uliendelea kuhesabiwa hata ukiwa nje ya gari. Unaposhuka kumfukuza mtu na kurudi, hukuti mazungumzo pale ulipoyaacha; unayakuta mbele, katikati ya sentensi. Tafakari maana yake kwa mwandishi. Mchezaji wako karibu kamwe hatasikia mahojiano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Atasikia sekunde arobaini, kisha king'ora cha polisi, kisha dakika mbili, kisha mlipuko, kisha atashuka. Mahojiano yaliyojengwa kama ngazi, kila neno likipanda kuelekea kichekesho kimoja kilichokaa juu, yatamfikia yakiwa vipandevipande visivyo na kilele. Katika K-Chat kichekesho hakikai mwisho. Kimo katika uhusiano wa wawili hao, na uhusiano huo upo kila sekunde. Popote utakapoingia unamkuta mmoja anajifichua na mwingine hasikii.

Sehemu ya pili ya siri hiyo inaonekana ukilinganisha na mchezo uliofuata. Katika San Andreas ya 2004, ambayo hadithi yake inatokea 1992, kituo cha mazungumzo ni WCTR, na humo kuna kipindi cha mashuhuri kiitwacho Entertaining America, kikiongozwa na Billy Dexter. Dexter anapigwa risasi studioni, hewani, na mgeni wake Jack Howitzer, nyota wa filamu za mapigano, na nafasi yake inachukuliwa na Lazlow. Ni tukio lenye nguvu, na mtu akilisikia kwa mara ya kwanza hulisimulia kwa wenzake. Lakini ni tukio. Limetokea, limekwisha, na ukilisikia tena unangojea tu risasi ilie. Kwa maoni yangu K-Chat ni kazi bora zaidi kwa sababu hakuna chochote kinachompata Amy: hapigwi, haaibishwi, hajifunzi, na mgeni mmoja akiondoka anampokea mwingine kwa furaha ile ile. Tabia haiishi kama tukio linavyoisha. WCTR ilikuwa na ubora wake mwingine, hasa taarifa zake za habari zilizotaja mambo uliyoyafanya mchezoni, na mbinu hiyo nakushauri uichukue kama uwezo wa mchezo wako unaruhusu.

Nitaje pia safari ya Lazlow mwenyewe, maana inaonyesha jinsi kejeli ya umaarufu inavyoweza kusimuliwa kwa miaka bila kuhubiri. Ndani ya michezo hiyo yuko mtangazaji mwenye jina lake: mwaka 1986 anachezesha roki Vice City, mwaka 1992 anaingia kwenye kiti cha marehemu Dexter, mwaka 2001 anapokea simu za wasikilizaji katika Chatterbox FM, kituo cha mazungumzo cha Grand Theft Auto III, ambako mmoja wa wapiga simu ni Toni Cipriani, mhalifu ambaye mchezaji anamfanyia kazi, akilalamika kuhusu mama yake. Katika mchezo wa 2008 amefikia kutembea barabarani na kipaza sauti akiwasumbua wapita njia, na katika ule wa 2013 anaongoza shindano la vipaji la televisheni. Michezo haikutoka kwa mpangilio wa miaka hiyo, lakini ukiipanga unapata maisha kamili ya mtu anayeukimbiza umaarufu huku ukimponyoka.

Sasa tuifungue kazi yako. Umemwandika mwimbaji aliyetunga kitabu kuhusu unyenyekevu, na mtangazaji anamuuliza kitabu kina nini. Mgeni anajibu kwamba kina picha zake mia tatu. Mtangazaji anashangaa, anasema, "Mia tatu? Huo ndio unyenyekevu?" na wimbo unaanza. Wazo ni zuri. Kosa liko kwa mtangazaji wako, ambaye amesikia. Mara tu aliposhangaa amekuwa sisi, amecheka kwa niaba yetu, na msikilizaji hana tena kazi ya kufanya. Tazama jinsi ambavyo ningeliandika mimi wazo lako hilo hilo:

MTANGAZAJI: Kitabu chako kimenitoa machozi. Sijakifungua, lakini jalada peke yake limenitosha.

MGENI: Asante. Nilikiandika peke yangu, isipokuwa maneno.

MTANGAZAJI: Na ulipata wapi muda, mtu mwenye shughuli kama wewe?

MGENI: Dereva wangu aliacha kazi. Kwa kweli wote waliacha, siku moja. Nilikaa siku tisa ndani ya nyumba, sikujua taa zinawashwaje.

MTANGAZAJI: Siku tisa gizani! Na ngozi imependeza hivyo! Ni ule mwanga hafifu?

MGENI: Nilimpigia simu mama. Hakuitambua sauti yangu.

MTANGAZAJI: Ni hizo nywele mpya zinazokubadilisha! Tuziongelee hizo nywele.

Angalia kinachotokea. Mgeni ana majivuno, lakini ndani ya majivuno hayo kuna mtu aliyeachwa peke yake gizani, na anajaribu kusema hivyo mara mbili. Kila anapokaribia kusema, mtangazaji anaushika mlango kwa tabasamu na kuufunga. Msikilizaji anacheka kwa jibu la nywele, maana mama hakuziona nywele zozote, alisikia simu. Na wakati huo huo anamhurumia yule ambaye sekunde kumi zilizopita alikuwa anamcheka. Akisikia mara ya pili, anaanza kuusikia upweke uliokuwa umejificha kwenye jibu la pili la mgeni. Mara ya kumi bado kuna kitu cha kusikiliza. Kata mazungumzo hayo popote, anzia mstari wowote, na bado utajua nani ni nani na kasoro iko wapi.

Katika kurekodi, waambie waigizaji wako wasiigize vichekesho. Mgeni na mtangazaji wote wawili wanaamini kwamba haya ni mahojiano mazuri, tena yanaendelea vizuri sana. Sauti ya mtangazaji isishuke mgeni anaposema jambo zito, wala isipande. Ibaki palepale, kwa sababu sauti inayobaki palepale ndiyo inayoonyesha kwamba hakuna kilichoingia. Acha pumzi na vicheko vidogo vya studio, usivisafishe vyote. Na mgeni asisubiri mwenzake amalize kila sentensi. Watu maarufu wa namna hii wamezoea kusubiriwa, hawajazoea kusubiri.

Matangazo ya biashara nayo usiyadharau. Vice City ilikuwa na tangazo la Degenatron, mtambo wa kubuni wa michezo ambao fahari yake yote ni miraba na nukta za rangi, na tangazo hilo linafanya kazi vizuri karibu na mahojiano kwa sababu linasifu kwa sauti ile ile ambayo Amy anawasifu wageni. Ukiweka tangazo mara baada ya mgeni kusema jambo la huzuni, msikilizaji atasikia kwamba mtangazaji na tangazo ni kitu kimoja, na wewe hutakuwa umesema neno lolote la kueleza. Wageni wako wawili waliosalia, yule mchezaji mpira na yule mpishi wa televisheni, wape kila mmoja jambo moja analotaka kulisema kwa dhati na kamwe asipewe nafasi ya kulimaliza. Kisha pakia rekodi ndani ya mchezo ikiwa mbichi hivyo hivyo, mpe rafiki yako mmoja aendeshe gari kwa nusu saa akiwa na kazi nyingine ya kufanya mchezoni, nawe kaa nyuma yake bila kusema kitu, uandike ni mstari gani aliousikia uliomfanya asishuke garini ingawa alikuwa amekwisha kufika.